Acha Mbachao: Namna ya Kumpa Mzee Keneli Mpya

Kwanza tafuta laptopu isiyo na tatizo. Iwe imekuja na mitumba, betri imekufa siku nyingi na sasa inaishi kwa waya, herufi A imefutika, lakini inawaka kila asubuhi na kuandika barua bila kinyongo. Mashine ya namna hiyo inakera. Ngoja usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, umeme ukichezacheza ndiyo vizuri zaidi, kisha iamuru Linux ilete keneli mpya, yaani kiini chake chenyewe.

Usiulize iliyopo ni ipi. Wenye woga huandika uname -r na kunakili namba pembeni. Wala usipime nafasi. Kwenye diski nyingi za zamani zilizofungwa kwa nywila, sehemu ya /boot haifiki megabaiti 250, na kila keneli huja na mzigo wake, initramfs, kifurushi cha draiva zinazoiwezesha mashine kuiona diski yake yenyewe. Kifurushi hicho peke yake hula makumi ya megabaiti. Keneli tatu nne zikirundikana, /boot hujaa kama daladala ya saa kumi na mbili jioni, na iliyofika mwisho inaning'inia mlangoni, mguu mmoja nje. Programu italalamika kwamba nafasi imekwisha. Usisome. Zima, washa.

Kioo cheusi, maneno meupe, "kernel panic", na karibu na mwisho wa mstari 0,0, kama mechi ya watani wa jadi iliyokosa mfungaji. Keneli imeamka, imepapasa gizani, haikuiona diski. Diski yenyewe ni nzima na barua zako zote zimo, ila ukilijua hilo utapata usingizi, na usiku huu haukupangiwa usingizi. Anza kutafuta flashi ya kufutia kila kitu.

Waoga wana njia yao. Kwenye mashine za BIOS hushikilia Shift wakati wa kuwasha, menyu ya GRUB ikatokea, wakaingia kwenye machaguo ya ziada na kuichukua keneli ya jana. Mashine inawaka. Wanaondoa keneli kuukuu moja mbili, wanaiundia mpya kifurushi chake kwa update-initramfs, wanamalizia na update-grub, na saa nne wako kitandani. Ili usijaribiwe na njia hiyo, ifute keneli ya zamani mapema, kabla mpya haijawaka hata mara moja. Wahenga walikataza kuacha mbachao kwa msala upitao, lakini wahenga hawakuwa na laptopu.

Kwa bahati mbaya inaweza kuwaka. Usikate tamaa, tazama waifai. Kadi nyingi za Broadcom hutegemea draiva inayoundwa upya kwa kila keneli, na isipoundika, intaneti haipo, na dawa ya kukosa intaneti iko kwenye intaneti. Simu iliyounganishwa kwa waya ingekuvusha. Iache mfukoni.

Ukikwama, singizia uzee. Mara mojamoja utakuwa umesema kweli. Linus Torvalds aliianza Linux mwaka 1991 kwenye kompyuta ya 386, na Februari 2013 keneli 3.8 ikatoka imeitupa 386 bila matanga. Debian 13, ya Agosti 2025, haina tena keneli ya PC za biti 32. Mimi hupenda zaidi kisa cha prosesa za Pentium M za mwanzo. Uwezo wa PAE, ambao keneli nyingi za biti 32 huudai, wanao, ila hawajitangazi, basi hurudishwa mlangoni kama mzee anayejua kusoma lakini hana cheti. Dawa ni neno moja tu wakati wa kuwasha, forcepae, yaani mwachie mzee apite.

Kukikucha, ipeleke kwa fundi. Mwambie imejiharibu yenyewe. Ataifungua, ataitazama, atakutazama.

"Kaka, kabla ya hapo ilikuwa na shida gani?"

"Haikuwa na shida."

Atanyamaza kidogo, kisha atataja bei.