Daftari la Mtabiri

Mwenzetu wa Seattle hachoki. Kila Machi, wachezaji wa Mariners, timu ya besiboli ya huko, wakiwa bado wananyoosha viungo kwenye jua la Arizona, yeye keshajaza daftari: mwaka huu tutashinda mechi tisini na kitu, na fainali tunaingia. "Tunaingia" na nani? Gongo la besiboli hajalishika maishani. Anachoshika ni rimoti.

Msimu una mechi 162. Ukitabiri zote, nyingine zitatimia tu, hata mtabiri awe kuku. Ila kwake zikitimia ni akili yake. Zisipotimia ni mwamuzi. Au upepo. Au bega la mrushaji, masikini, ambalo yeye alilishuku tangu zamani ila hakutaka kusema.

Usimtajie 2001. Mwaka huo Mariners walishinda mechi 116, wakaifikia rekodi ya Chicago Cubs ya 1906, kisha kwenye mchujo Yankees wakawang'oa katika mechi tano, fainali hawakuionja. Na hao Cubs wa 1906? Fainali walifika, wakapigwa na White Sox, majirani zao wa mji huohuo. Yote haya mtabiri anayo kichwani, tarehe kwa tarehe, wala hayajamkosesha usingizi hata siku moja.

White Sox haohao, 2024, walipoteza mechi 121. Mwenzetu aliwacheka mashabiki wao mpaka machozi, halafu akaenda kununua kofia mpya ya Mariners. Ile ya zamani, anasema, ina nuksi.