Baiskeli ya Umeme Inayotumia Ugali

Jirani, nakuomba kitu kimoja tu. Ukinikuta kilimani nasukuma baiskeli, jasho linatiririka mpaka kwenye soksi, usinisimamishe kuniuliza, "Si ya umeme hiyo?" Ndiyo. Ya umeme. Mota ipo. Waya zipo. Hata kitaa chekundu kinawaka. Kinachokosekana ni umeme wenyewe. Umekwenda wapi? Kaa hapo kwenye benchi, agiza chai yako, maana mimi sina hela, nikusimulie.

Kasulu hii unaijua. Siyo Dodoma. Huku Buha ukienda sokoni unapanda. Ukirudi kutoka sokoni unapanda. Mpaka leo sijajua huwa tunashukia wapi.

Sasa mimi nina Phoenix yangu ya siku nyingi, ile nyeusi, ya keria ya chuma. Binamu yangu wa Dar akaniambia Kariakoo kuna gurudumu la nyuma linauzwa na mota yake humo humo katikati. Wati 250, volti 36. Unatoa gurudumu lako, unafunga hilo, umeme unakusukuma, wewe unaangalia mandhari. Nikauza mbuzi. Haikutosha. Nikauza na maharage ya mbegu. Mama watoto akaniuliza, "Baba, sasa msimu huu tutapanda nini?" Nikamwambia tutapanda mlima. Hakucheka. Mpaka leo hajacheka.

Mota haikuwa na shida. Shida betri. Zilikuja tatu, zile za risasi, volti 12 kila moja, zinaungwa moja baada ya nyingine mpaka zinafika 36. Kila moja ina kilo nne hivi. Piga hesabu: kilo kumi na mbili kwenye keria, na hapo sijabeba hata mkungu wa ndizi. Halafu betri za risasi zina maringo aisee. Hazitaki kumalizwa chaji mpaka chini. Ukizikausha kila siku zinakufa kabla ya wakati wake. Mimi nitajuaje? Kitu nimenunua kwa hela yangu, nakitumia mpaka kiishe. Nikibakiza chaji, nambakizia nani?

Zikaanza kunifanyia vituko. Zinanifikisha katikati ya mlima, pale pabaya kabisa, zinanyamaza. Siku moja nimekwama hapo, napiga pedeli nimesimama wima, ulimi nje. Akaja mtu wa mkaa. Magunia mawili kwenye baiskeli, yeye yuko pembeni anaisukuma kwa mikono. Akanipita. Angenipita kimya ningevumilia. Akanisalimia: "Mwakeye!" Yaani pumzi ya kusalimia anayo! Mimi hata ya kuitikia sina. Nikamwitikia kwa kope.

Kabla sijakaa sawa, yakapita yale magari meupe ya mashirika, yanaelekea kambini Nyarugusu. Kambi hiyo ipo tangu 1996, na tangu 1996 vumbi la magari yake nalila mimi. Wengine wamepata ajira humo. Wengine wamepata tenda. Mimi nimepata kikohozi.

Ndipo shemeji yangu wa Kibondo akapiga simu. Huko kwao kuna kijana fundi, anaunda betri za baiskeli kwa kutumia betri za laptopu zilizokufa. Nikamwambia shemeji, kilichokufa kinasaidiaje kingine kilichokufa? Akasema, "Wewe njoo." Nikapanda basi.

Jirani, banda la yule kijana ungeliona. Bati, meza, feni ndogo, na vumbi la kila aina ya redio. Anachukua betri ya laptopu, anaipasua ubavuni kwa bisibisi, taratibu. Ndani unakuta vibetri sita vya mviringo. Kila kimoja unene milimita 18, urefu 65. Anasema betri ya laptopu ikifa, mara nyingi kilichokufa ni kimoja au viwili, ndivyo vinavyowaponza wenzao. Anavipima kwa mita, anaandika volti ubavuni kwa kalamu nene. Anavichaji mpaka 4.2, anaviacha vilale, halafu anapima tena. Kilichoshuka sana hana mjadala nacho, kinakwenda kwenye ndoo ya mchanga nje. Nikamwuliza, "Kijana, hivi vyote si vinashika umeme? Vichanganye tu." Akaniangalia kwa muda mrefu. "Mzee, shikamoo." Alikuwa ameshaniamkia asubuhi. Nadhani alitafuta neno lingine, akalikosa lenye heshima.

Akavipanga. Makundi kumi yameungwa mfululizo, kila kundi vibetri vinne bega kwa bega. Kimoja ni volti 3.7, kwa hiyo kumi ni 37, vikijaa 42. Arobaini jumla. Akaviunganisha kwa vipande vyembamba vya nikeli, anavibana na mashine yake, cheche, tak! Kingine, tak! Nikamshauri atumie risasi ya kuyeyusha, ile ya mafundi redio, ingekuwa rahisi. Akasema joto lile linaua kibetri. Nikanyamaza. Akafunga na bodi ndogo ya kijani, wanaiita BMS, kazi yake ni kukata umeme kundi lolote likizidi kujaa au likizidi kuisha. Yaani hata betri ina mtu wa kuikataza. Nikaona tumefanana maisha.

Huku anafanya kazi ananipa elimu. Betri za namna hii kampuni ya Sony ndiyo ilizitoa sokoni mwaka 1991. Mwaka 2019 wataalamu watatu wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa ajili yake. Mmoja wao, John Goodenough, aliipokea akiwa na miaka 97. Kijana akainua macho, akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Kwa hiyo mzee, na wewe usikate tamaa."

Tukafika kwenye chaja. "Ile chaja yako ya betri za risasi inapanda mpaka volti 44 hivi. Hii mwisho wake 42. Usiitumie kabisa." Nikamwambia kwa utaratibu tu, kibiashara, "Kijana wangu, volti mbili ndiyo tugombane? Tufanye 43." Akainuka. Akafunga mlango wa banda. Ndipo akaanza kunifokea. Nilimshukuru moyoni kwa kufunga mlango.

Masharti yakafuata. Usichaji chumbani mnakolala. Usiichaji ukaenda msibani. Isipigwe, isitobolewe, isiloweshwe. Ikichemka au ikivimba toa nje haraka, maana moto wake ukishawaka hauna adabu. Halafu, kwa wema wake, akaongeza kitu ambacho sikukiomba: matundu mawili ya kuchajia simu. "Hii zawadi, mzee. Ukiwa njiani simu isikuzimikie." Jirani, yale matundu mawili yashike kichwani. Tutayarudia.

Betri nzima ilikuwa kama kilo mbili. Kutoka kumi na mbili! Nimeokoa kilo kumi! Nikaona kabisa mlima umelala. Shemeji, ambaye ni seremala, hakufurahi. "Shemeji, kitu cha thamani hakikai uchi." Akanitengenezea kasha la mninga. Bawaba za chuma. Kufuli. Komeo. Kilo tisa. Utamkatalia shemeji? Mtu aliyekupa dada yake?

Safari ya kurudi usiniulize. Kasha liko mapajani, kitaa kinapepesa kwenye tundu la ufunguo. Jirani yangu wa siti akahamia nyuma. Wa pili akahamia nyuma. Konda akasema siti zilizo wazi pembeni yangu nizilipie, maana mimi ndiye niliyezifukuza. Kizuizini akapanda askari kukagua vitambulisho. Akaangalia changu. Akaangalia kasha linavyopepesa. "Na huyu ni raia?" Basi zima likacheka. Na mimi nikacheka, nilikuwa nataka kufika.

Raha niliiona, nisiseme uongo. Kesho yake nilipanda mlima nimekaa. Nimekaa, jirani! Yule wa mkaa nikamkuta njiani, nikapunguza mwendo makusudi, nikamwambia "Mwakeye!" kwa pumzi zote nilizonazo. Watoto wa shule wakanikimbilia wanapiga kelele. Nikapiga kengele pasipo sababu.

Basi, raha yenyewe ndiyo hiyo. Imekwisha.

Kwa sababu nilimsomea mama watoto yale masharti ya moto. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Hilo kasha halilali ndani ya nyumba yangu." Likahamia barazani, juu ya matofali mawili. Na kitu kikikaa barazani Kasulu, jirani, si chako tena. Ni cha mtaa.

Sasa, tangu mkoa wetu uingie gridi ya Taifa mwaka 2022 na majenereta ya dizeli yakapumzika, tumekuwa watu wa kudeka. Mvua inapiga, radi inapasua, umeme unakwenda kwa saa mbili, mtaa mzima unaona dunia imefika mwisho. Jioni moja ikawa hivyo. Mama wa jirani akapita barazani, akaona kitaa. "Shemeji, hicho kinachaji simu?" Kabla sijafungua mdomo, mama watoto akajibu, "Kinachaji." Akachomeka. Kesho yake wakaja wawili. Halafu ikaja ile kebo yenye vichwa vinne. Halafu mtu akaleta pawabenki. Unaelewa, jirani? Ameleta betri yake inywe betri yangu, aende nayo kwake.

Nikampigia fundi. Akanipa hesabu: betri yangu ikijaa ina wati-saa karibu 300. Mota ikivuta wati zake zote 250, ni mwendo wa saa moja na ushee. Simu kubwa moja inakunywa kama 15. "Kwa hiyo mzee, simu ishirini, umeishiwa." Na vitochi? Vitochi ni kama nne tu. Nikatoka barazani, nikajikohoza, nikatangaza: kuanzia leo vitochi peke yake. Wakanisikiliza kwa adabu sana. Halafu yule mama akasema, "Shemeji, sogea kidogo, umekanyaga waya."

Akaja kinyozi. Yeye alikuja na inveta yake kabisa, amejiandaa. Umeme ukikatika ana wateja wamenyolewa upande mmoja, utawaacha hivyo? Nikamwambia nami nina kazi asubuhi, nahitaji kupanda mlima. Mama watoto akaingilia. "Baba, wewe una miguu. Mashine ya kunyolea haina." Mwanasheria gani anajibu hoja hiyo? Kinyozi akaniahidi ataninyoa bure. Jirani, nivue kofia uone. Huku juu kuna nini cha kunyoa?

Kwa hiyo asubuhi natoka na asilimia ya kusalimia tu. Nafika chini ya mlima, BMS inakata. Ile bodi imefundishwa, haibembelezwi. Naanza pedeli. Na sasa napiga pedeli na mota nzito nyuma, na kasha la mninga, na kufuli. Ile Phoenix tupu ilikuwa nyepesi kuliko hii iliyoendelea. Mtu wa mkaa ananipita tena. Siku hizi hasalimii, ananionea huruma.

Jumamosi iliyopita kukawa na harusi, kule Heru Juu. Nikapata mwaliko kwa mdomo wa mwenyekiti wa kamati. Nikafurahi, nikapiga pasi shati. Akasema, "Mzee wangu, tunakutegemea sana. Baiskeli iache nyumbani, itakuchelewesha. Tuletee betri. Spika zina inveta yake huku." Nikamwuliza kadi yangu iko wapi. Akasema mwenye betri hahitaji kadi.

Nikaita bodaboda. Kasha mapajani, tai shingoni. Tumeanza kupanda, kijana akageuza shingo. "Mzee, hilo dude lina tundu la simu? Yangu iko asilimia nne." Ningefanyaje, mtu ameshika roho yangu kwenye kona? Nikamchomekea. Tukapanda mlima wote, mimi nimeshika kasha mkono mmoja, simu yake mkono wa pili, najishikilia kwa magoti. Tulipofika simu ilikuwa na asilimia kumi na tisa. Akaitazama, akafurahi, akaitia mfukoni. Kisha akadai nauli yangu, na nauli ya mzigo.