Jinsi ya Kuanzisha Kiatamizi cha Viwanda Kijijini Bila Kufuga Popo

Mwenyekiti wa Kijiji, kabla ya yote ufiche mkasi. Utepe utakatwa, mheshimiwa atakuja, ngoma zitapigwa, ila si mwaka huu. Tumekwisha kujenga mabanda mengi yaliyozinduliwa kwa vigelegele na sasa yanakaliwa na popo, na mengi yana ugonjwa ule ule: jengo lilimtangulia mteja. Kijiji kinachotaka kiatamizi cha viwanda vya teknolojia ya juu, yaani mahali mafundi wachanga wanapopanga hadi waweze kusimama wenyewe, hakina budi kuanza nyuma, kwenye kitu kilichovunjika.

Siku ya gulio mpe fundi mmoja daftari azunguke. Aanzie kwa wenye mashine za kusaga na kukoboa, apite kwa wakamua alizeti, amalizie kwa mafundi wa bodaboda. Kila mahali aulize mambo matatu tu: nini kimeharibika, kipuri kilitoka wapi, na mashine ilisimama siku ngapi kikisubiriwa. Asiulize watu wanataka kiwanda gani. Akiuliza hivyo atajibiwa kiwanda cha magari, na daftari litakuwa limekwisha kazi.

Tuseme kijiji kiko Singida, kwenye alizeti. Ingia kwa mkamuaji, okota mashudu yanapotoka mashineni, uyafinye. Vidole vikibaki na mafuta, huenda shafti imelika. Mbegu huja na mchanga wa shambani, mchanga unasaga meno ya shafti, mgandamizo unapungua, na mafuta ambayo mkulima alistahili kulipwa yanaondoka pamoja na mashudu kwenda kulisha ng'ombe. Mwenye mashine analijua hilo. Anachokosa ni mtu wa karibu wa kumtengenezea shafti nyingine yenye vipimo vile vile na ugumu ule ule.

Kisha nenda kwenye mashine ya kusaga, umwombe mwenyewe azime na kufungua. Ndani kuna nyundo, yaani vipande bapa vya chuma vinavyopiga punje. Pembe zikishakuwa butu anazigeuza, na upande wa pili ukiisha ananunua nyingine. Fundi mwenye busara huzikata kwenye springi kuukuu za lori, kwa kuwa chuma hicho kinakubali kukazwa kwa moto. Anayekimbilia bei huzikata kwenye chuma laini, nazo huisha upesi. Chuma kilichopungua hakikupotea hewani: kimeingia kwenye unga, na unga huo ndio uji wa watoto wetu. Hili linanikera kuliko yote niliyoyaona kwenye karakana, na lingetosha peke yake kuitisha Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Sasa ndipo tunaruhusiwa kutaja teknolojia ya juu. Kwa kijiji hiki maana yake ni tanuri lenye kipimajoto cha kuaminika, kifaa cha kupima ugumu wa chuma, mikromita, na mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta. Faida ya kompyuta hapo ni kurudia. Shafti ya leo iingie palipotoka ya jana bila fundi kuibembeleza kwa nyundo. Printa ya 3D nayo ina nafasi yake: itoe modeli za kusubia vipuri kwenye mchanga. Andikeni kwenye kanuni za kiatamizi kwamba ni marufuku kuchapa vishikio vya funguo kwa ajili ya wageni. Wageni watavipenda sana, na mashine itageuka duka la zawadi.

Kabla ya kuagiza chochote, simama kwenye duka lililo jirani na mashine ya kusaga wakati inawashwa. Taa ikififia, nenda TANESCO leo hii uulizie umeme wa njia tatu na uwezo wa transfoma. Mashine yenye kompyuta haivumilii umeme unaopanda na kushuka.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni mkopo, unarudishwa. Fundi asiye na mteja asiusogelee.

Lakini historia isomwe kwa kituo. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ilianzishwa 1973, na miaka hiyo ya sabini ukaja mpango wa viwanda dada na Sweden: karakana ya Kitanzania iliunganishwa na kampuni ya Kisweden iliyoleta mashine na mafunzo. Mafundi hodari walipatikana. Tatizo lilikuwa kwamba viwanda vingi vilitegemea malighafi na vipuri kutoka nje, na fedha za kigeni zilipoadimika mwanzoni mwa miaka ya themanini, mashine nzuri zilikaa zikisubiri. Basi kila mpangaji wa kiatamizi ajibu swali hili mbele ya Halmashauri ya Kijiji: chuma chako kinatoka wapi, na kikikosekana wiki sita utafanya nini? Akijibu kwamba wafadhili wataangalia, mshukuruni kwa kufika, mwiteni anayefuata.

Tukubaliane pia namna ya kuhesabu. Nchini kuliwahi kuzuka ubishi wa iwapo cherehani nne ni kiwanda. Kijiji kisiingie humo. Msihesabu mashine wala vyeti vya semina. Kila robo mwaka, kwenye Mkutano Mkuu, isomwe kwa sauti idadi ya vipuri vilivyouzwa na idadi ya vilivyorudishwa na wateja kwa ubovu. Hiyo ya pili ndiyo inayomfundisha fundi, na mama aliyeuziwa nyundo laini apewe nafasi ya kusema kabla ya diwani.

Linabaki gumu, nalo ni kuondoka. Mpangaji asaini mkataba wa miaka mitatu, kodi ipande kila mwaka, na tarehe ya kutoka ibandikwe mlangoni tangu siku anaingia. Bila hivyo kiatamizi kitakuwa karakana ya shemeji yako, Mwenyekiti, na vijana wanaomaliza vyuo vya ufundi vya VETA wataendelea kupanda basi kwenda mjini. Halmashauri ya Kijiji itenge mapema viwanja vya karakana kando ya barabara na kuvipitisha mkutanoni, maana mpangaji huyo atakuja na wazee wawili kuomba mwaka mmoja wa nyongeza. Wakaribisheni, wapeni chai, kisha mwonyesheni kiwanja chake.