Mhadhara wa Kiti cha Kudumu cha Tishu Unganishi, Komini ya Mikelenge

Wababa na wamama, wakubwa wa komini, wanafunzi mliosimama kule nyuma mkijifanya mnapita tu, na nyinyi ndugu zetu wa Alunguli mliovuka Lualaba kwa mtumbwi mje kuchota nuru upande huu: karibuni. Walio mbele wakunje miguu. Meza ya maonyesho inataka nafasi.

Kujitambulisha ni kazi bure, lakini itifaki ni itifaki. Mimi ndiye Profesa mwenye Kiti cha Kudumu cha Tishu Unganishi hapa Kindu. Kiti chenyewe ni hiki nilichokalia, kina miguu mitatu, na sijaona profesa aliyeng'ang'ania cha kwake kwa uaminifu kama wangu. Wapo watu wa komini ya Kasuku wanaonong'ona kwamba mimi ni muuza nyama ya mbuzi. Sikatai. Nawauliza tu: kati yangu na daktari aliyeusoma mwili vitabuni, nani ameshika kano nyingi kwa mkono wake mwenyewe?

Tuingie kwenye elimu. Mji huu unausifu moyo kupita kiasi. Washa redio, moyo. Ingia baa, moyo. Fungua barua ya mchumba, moyo mpaka kwenye sahihi. Ubongo nao umevalishwa joho. Hata figo, kitu cha kufunikwa kwa kiganja, ina madaktari wake maalumu. Lakini tishu unganishi, iliyoenea toka utosini hadi unyayoni, nani amewahi kuiimbia? Haya, iondoeni kwa dakika moja. Moyo utaliangukia ini, ini litauangukia utumbo, misuli itakosa cha kuvuta, na mheshimiwa mwenye moyo huo atabaki dimbwi sakafuni, kofia ikielea juu yake.

Imejengwaje? Geukeni muitazame ile nyumba ya miti na udongo. Fito na kamba ndizo nyuzi, zinazuia ukuta usivutwe ukachanika. Udongo uliojaza nafasi ndio uteute wa msingi: maji mengi yaliyonaswa na molekuli kubwa za sukari na protini, hivyo ukiubana hausambaratiki. Na mafundi? Hapo ndipo mwili unapoishinda nyumba, kwa sababu fundi wake, aitwaye fibroblasti, hajengi akaenda zake. Anabaki kuishi ndani ya ukuta wenyewe, akiukarabati mpaka mwisho. Kwenye ini seli zimebanana bega kwa bega, lakini kwenye kano seli ni chache, kila moja imejitenga, na kazi kubwa inafanywa na vile zilivyovitoa na kuviweka nje yao. Sitaitumia nyumba hiyo tena, maana mwenye nyumba ameanza kutuangalia vibaya.

Uzi mkuu ni kolajeni. Zipimeni protini zote za mwili wa mtu: karibu robo yake au zaidi ni kolajeni. Kila uzi ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja, na katika kila mmoja wa hizo tatu, kila baada ya hatua mbili, ya tatu ni glisini, kijasidi cha amino kidogo kuliko vyote, kwa kuwa katikati ya msokoto hapana nafasi ya kingine. Mwanafunzi, andika. Usinitazame mimi, tazama daftari.

Msokoto huo haukai bila vitamini C. Ikikosekana, vimeng'enya vinavyouimarisha vinashindwa kazi, fizi zinavuja damu, meno yanalegea, na kovu la zamani, lililofunga miaka na miaka, linaweza kufunguka tena. Hicho ni kiseyeye. Mwaka 1747 daktari wa meli, Mskoti James Lind, aliwachukua mabaharia wagonjwa 12 melini Salisbury, akawagawa wawili wawili, kila jozi na tiba yake. Waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona haraka kuliko wote. Wakubwa zake walichukua zaidi ya miaka arobaini kuamua kuwapa mabaharia wote maji ya limau. Nalisema hili kwa wale wanaodhani wakubwa wa hapa kwetu ndio wa kwanza kuchelewa. Nanyi wamama mnaopita na mabeseni ya mapera, mnauza kolajeni bila kujua, tena kwa bei ya chini mno.

Sasa onyesho. Huu ni mguu wa mbuzi aliyechinjwa alfajiri. Nimechana ngozi hapa nyuma. Mnauona utepe huu mweupe, unaong'aa, mgumu? Naufuta damu, naubana kwa vidole, navuta. Tazameni kwato! Zimejikunja. Naachia, zinalegea. Navuta tena. Mbuzi hayupo duniani, lakini kano bado inatii amri. Mtoto, usikimbie, hauna neno.

Kano inafunga msuli kwenye mfupa, ligamenti inafunga mfupa kwa mfupa, na atakayezichanganya mbele yangu atatoka nje. Kila mtu ashike mkono wake wa kushoto chini ya kiwiko, achezeshe vidole. Nini kinatembea? Msuli, tena mbali kabisa na vidole. Ndani ya vidole vyenyewe hakuna msuli wa kuvikunja. Vinavutwa kutoka juu kwa kano ndefu. Wewe kijana Mgenia uliyewavusha wageni wetu, simama wakuone. Bega la huyu limekaa juu ya kishimo chenye kina kifupi sana, mfupa haujashikwa na mfupa mwenzake. Kano za misuli minne ndizo zinazolizingira na kulizuia lisichomoke kila anapozamisha kasia. Wenzetu wa Alunguli, mkirudi jioni, lilipieni na bega.

Kuna uzi wa pili, elastini, wenye kuvutika na kurudi. Mzee wetu pale mbele, shikamoo. Kwa ruhusa yako nauvuta mgongo wa mkono wako kidogo. Mnaona ngozi ilivyochukua muda kushuka? Mjukuu wake, leta wako: pa, imerudi. Elastini nyingi tunawekewa tumboni na utotoni, halafu kiwanda karibu kinafungwa, na tunaishi kwa akiba. Mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni umejaa hiyo hiyo. Unatanuka moyo unaposukuma, unarudi moyo unapopumzika, damu isisimame njiani. Mnasikia? Hata huo moyo wenu unabebwa.

Na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa kuwa jambo hili limenigusa. Kwenye mito yenye maji ya kasi huzaliana inzi mdogo mweusi aumaye mchana, na kuumwa naye kunaleta upofu wa mtoni. Nchi yetu ni miongoni mwa zilizolemewa zaidi na ugonjwa huo. Watu wanatazama macho, mimi natazama ngozi. Mnyoo mkubwa hakai jichoni. Hukaa chini ya ngozi, ndani ya tishu unganishi, na mwili wenyewe unamzungushia kolajeni mpaka anakuwa kinundu kinachoteleza chini ya kidole, nyongani au mbavuni. Humo jike huishi miaka kumi na zaidi akizaa vijinyoo visivyohesabika, vinavyosambaa ngozini. Ngozi inawasha usiku kucha, na miaka ikipita elastini inaharibika. Kijana anabaki na ngozi ya babu yake, iliyokunjamana, na kwa wengine ile ya kinena inaning'inia.

Dawa ipo, ivermektini. Kampuni ya Merck iliahidi mwaka 1987 kuitoa bure kwa ugonjwa huu, na wagunduzi wake, William Campbell na Satoshi Ōmura, wakapata Nobel mwaka 2015. Inaua vijinyoo lakini mnyoo mkubwa anasalimika, ndiyo maana unaambiwa umeze tena mwaka ujao. Msikimbie mkadhani mmeshapona.

Vidonge vinatolewa kwa urefu. Unasimamishwa kando ya kijiti chenye alama: kuanzia sentimita 159 unapata vinne, chini kidogo ya hapo vitatu. Mimi, Profesa, nikiwa kwa wakwe zangu, mbele ya mama mkwe, nilipewa vitatu! Nilimweleza mgawaji yule kisayansi kabisa. Kati ya pingili za uti wa mgongo mna visahani vya gegedu laini vilivyojaa maji. Mchana kutwa uzito unavikamua, na mtu mzima hupungua sentimita moja hadi mbili kufikia jioni, akilala anarudishiwa. Ilikuwa jioni, na kutwa nzima nilikuwa nimebeba mfuko wa mchele kichwani. Kwa hiyo nilikuwa mtu wa vidonge vinne katika hali ya muda ya vidonge vitatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Baba, meza, foleni ni ndefu.” Nikameza.

Gegedu, kwa kuwa tumeigusa, haina mishipa ya damu. Chakula chake huingia na maji, ikibanwa na kuachiwa, kwa hiyo goti linalotembea linajilisha na goti lililoumia gegedu halina haraka ya kupona. Mfupa ni kolajeni iliyotiwa madini ya kalsiamu na fosfati. Uloweke mfupa wa mguu wa kuku kwenye siki siku kadhaa, madini yatatoka na utaukunja kama utakavyo. Na damu nayo ni tishu unganishi, ina seli zake na plazma yake. Asiyekubali aniletee hoja, si kelele.

Maswali. Ndiyo, mama. Kwa nini supu ya miguu ya mbuzi inanata midomoni? Swali la kiwango cha juu. Kolajeni ikichemshwa polepole, saa nyingi, msokoto unafunguka na kuwa jelatini. Iweke mahali pa baridi itaganda itikisike, ila kwa joto hili la Kindu bila friji utasubiri mpaka Krismasi, na Krismasi nayo ni joto.

Muganga wa kituo cha afya anauliza nimesomea wapi, na darubini yangu iko wapi. Nilikuwa namngoja. Ndugu yangu, yupo Mfaransa aitwaye Xavier Bichat. Ndiye aliyefundisha ulimwengu kwamba mwili umefumwa kwa tishu, akazihesabu 21, na hakutumia darubini. Hakuiamini. Alitumia kisu, akachemsha, akaloweka, akakausha. Alifariki mwaka 1802 akiwa na miaka 30 tu. Kisu ninacho, sufuria ninayo, siki imenunuliwa, na miaka 30 nimeivuka zamani. Hesabu mwenyewe ni nani kati yangu na Bichat aliyepata nafasi zaidi.

Sasa tangazo la kiofisi, kisha mtawanyike kwa utaratibu. Mguu huu wa maonyesho unauzwa. Najua mazoea ya soko hili: mtu ananunua nusu kilo ya nyama, ananyoosha kidole kwenye kano na gegedu, anasema, “Baba, ongeza na hizo, matabishi.” Nami kwa ujinga wa enzi zile nilikuwa naongeza. Baada ya mhadhara huu hakuna mtu hapa anayeweza kudai kwamba hajui thamani yake. Nyama ni bei ya jana. Kano zinapimwa peke yake, gegedu peke yake, kwa franga taslimu, na Mgenia wa bega atanunua kama wengine. Mama wa swali la supu, wewe nitakupunguzia. Muganga, wewe hapana.