Kilo Moja na Ushei kwa Ajili ya Dubu

Ndugu zangu,

Salamu kutoka California, jimbo lenye dubu kwenye bendera yake. Huyo wa kwenye bendera ni grizzly, na humu jimboni hayupo tena. Alimalizwa kwa risasi miaka ya 1920, akabaki kitambaani. Aliyesalia ni dubu mweusi, mdogo kuliko yule, mwepesi wa kukimbia watu, na mlafi kupita maelezo. Kwa sababu yake, kila anayekwenda kulala porini katika hifadhi ya Yosemite analazimishwa na sheria kubeba chakula ndani ya kopo gumu ambalo dubu hawezi kulifungua. Najua mtakavyocheka. Mtu ana kitanda, jiko la gesi na friji, anaviacha vyote, anajitwisha shanta wiki nzima ili akale wali wa kulowekwa maji ya moto huku amekaa juu ya jiwe, na juu ya mzigo huo anaongeza pipa la plastiki. Chekeni, lakini kopo hilo nitalitetea. Wengi hudhani kazi yake ni kulinda chakula. Mimi nasema linalinda ujinga wa dubu, ile hali yake njema ya kutojua kwamba binadamu hutembea na karanga, soseji na chokoleti. Ukikubali hapo, kuchagua chombo hakusumbui tena: chagua kile kisichotegemea akili wala uangalifu wa mwenye chakula saa mbili usiku, miguu ikimuuma.

Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja, na hata wangemwona dubu wasingebadilisha neno. Kabla ya kwenda kulala majira ya baridi, dubu anaweza kula kalori 20,000 kwa siku. Kuzipata kwa kuchuma matunda ya porini na kufukua wadudu ni kazi ya kutwa. Kuzipata kwenye begi la mtalii ni dakika chache. Yosemite yenyewe iliwalea vibaya: miaka ya 1920 na 1930 walimwagiwa mabaki ya chakula huku watalii wameketi wakitazama kama wako jukwaani. Maonyesho yakakomeshwa, mazoea yakabaki. Mwaka 1998 peke yake hifadhi iliandikisha matukio zaidi ya 1,500 ya dubu wezi na waharibifu, mengi yakiwa ya kuvunja magari. Watafiti waliochambua magari yaliyovunjwa humo kati ya 2001 na 2007 waligundua kwamba dubu wana chaguo lao: yale magari ya kifamilia yaitwayo minivan yalivunjwa kuliko wingi wake ulivyostahili. Sababu mojawapo waliyoifikiria ataielewa mzazi yeyote: ndimo watoto wanamomwaga biskuti na juisi. Mnyama aliyefikia hatua ya kubagua magari kwa umbo si wa kufanyiwa mzaha. Tena mwisho wake huwa mbaya. Akishazoea vya watu hupoteza woga, huanza kuingia mahemani, na askari wa hifadhi hulazimika kumuua. Aliyeacha chakula wazi anaweza kupigwa faini ya hadi dola 5,000. Dubu hulipa kwa roho yake.

Wazee wa porini huku bado wanasifia kamba. Unatafuta tawi zuri, unarusha jiwe lililofungwa kamba, unapandisha mfuko hadi uning'inie walau mita tatu kutoka ardhini na zaidi ya mita moja kutoka kwenye shina. Kwenye karatasi ni jambo jepesi. Porini, tawi zuri lina tabia ya kuwa kwenye mti wa jirani. Jiwe linachomoka na kwenda zake, kamba inarudi peke yake. Na giza linapoingia watu huridhika na tawi lolote, urefu wowote. Upande wa pili, dubu hana haraka na hana kazi asubuhi. Dubu wa Sierra Nevada, milima iliyomo Yosemite, walishajifunza kukata kamba kwa meno, kuvunja tawi, au kumtuma mtoto atambae hadi kwenye mfuko mahali ambapo uzito wa mama haufiki. Na ukipanda juu sana, miti yenyewe inaisha. Ndiyo maana Yosemite hairuhusu tena kutundika chakula. Kamba inaweza kufaa mikononi mwa fundi, lakini wanaokwenda porini wengi si mafundi, na dubu hahitaji zaidi ya mzembe mmoja ili ahitimu.

Sasa litazameni kopo lenyewe. Linalouzwa sana ni BearVault, pipa la polikaboneti angavu lenye mfuniko mweusi. Lile kubwa lina ujazo wa kama lita 11 na nusu, na likiwa tupu lina uzito wa kilo moja na ushei. Halina mpini wala pembe, kwa makusudi: ni laini na nene kiasi kwamba dubu akilikumbatia hapati pa kuingiza jino, akilipiga linabingirika. Mfuniko unazungushwa, lakini kabla ya kuzunguka kuna vijino viwili vya kubonyeza, kimoja baada ya kingine, na asubuhi ya baridi utamwona mtu mwenye shahada mbili akihangaika navyo huku njaa inamuuma, mpaka umwonee huruma dubu. Lipo Garcia, jeusi, ambalo komeo zake hugeuzwa kwa sarafu, kwani inaaminika dubu hatembei na chenji. Lipo Bearikade la nyuzi za kaboni, jepesi zaidi, na bei yake inakufanya utake kulificha lenyewe badala ya chakula. Vyombo vingi vya namna hii hupelekwa West Yellowstone, Montana, na kupewa grizzly wanaofugwa katika kituo cha huko. Ili chombo kifaulu kwa njia hiyo, kinapaswa kustahimili dakika 60 za kung'atwa, kukwaruzwa na kurukiwa. Vyeti vingi tunavyoviheshimu duniani havijapitia mtihani wa namna hiyo.

Mbishi atasema: mbona kopo nalo limewahi kushindwa? Kweli. Katika milima ya Adirondack, jimbo la New York, jike mmoja aliyeitwa Yellow-Yellow kwa rangi ya vibandiko vya masikioni mwake alijifunza kufungua BearVault. Kampuni ikaongeza kijino cha pili, akakiweza nacho. Lakini angalieni alivyo wa pekee hata akapata jina na sifa magazetini, ilhali dubu walioshinda kamba hakuna anayehangaika kuwapa majina. Mbishi wa pili atataja Ursack, mfuko wa nyuzi ngumu mno wenye uzito usiofika robo kilo, ambao nao umefaulu mtihani wa Montana. Ni mfuko mzuri, na zipo hifadhi zinazoukubali. Yosemite imeukataa, nami naiunga mkono, kwa kuwa usalama wake wote uko kwenye fundo, na fundo linarudisha mambo kwa yule yule mchovu wa saa mbili usiku. Isitoshe, dubu asiyeweza kuurarua anaweza kuukanyaga na kuutafuna kwa nje, na mwenyewe akaamka akute biskuti, jibini na maharage vimekuwa uji mmoja.

Limebaki swali ambalo nalisikia hata kutoka huko nyumbani: kwa nini binadamu ateseke kwa ajili ya mnyama? Waulizeni abiria wanaowarushia ndizi nyani wa kando ya barabara ya Mikumi. Aliyerusha yuko Iringa anakula chakula cha mchana. Nyani amebaki anasubiri gari linalofuata, katikati ya lami. Uzito wa kopo ni hasara ya kuhesabika, inaisha shanta likitua chini. Mnyama aliyeharibiwa tabia hana wa kumrudisha darasani. Naye hajasoma kanuni wala hakuomba tuje kulala kwake; mwenye kujua kusoma ndiye abebe.

Basi atakayekuja kututembelea kiangazi aje na viatu imara. Kopo litakodishwa hifadhini. Humo kitaingia kila chenye harufu: dawa ya meno, sabuni, losheni ya jua, hata takataka. Usiku litafungwa na kuwekwa kama mita 30 kutoka hemani, mbali na genge na mto lisije likabingirishwa likapotea. Dagaa waacheni huko huko. Si kwamba hatuwatamani, ila kopo linazuia meno, haliahidi kuzuia harufu, na dagaa wa Kigoma wakishafika Sierra Nevada, sitajibu kwa lolote litakalotokea.

Wenu, wa ughaibuni.