Jahazi Lenye Tundu Moja

Safaricom iliipa huduma yake ya kukopesha kredo jina la Okoa Jahazi, na ni vigumu kupata jina la biashara nchini Kenya lililolenga shabaha vizuri kuliko hilo. Jahazi linalookolewa kila jioni mtaani Mbotela, Nairobi, halijawahi kuona Lamu. Limetia nanga upande wa Jogoo Road, lina kuta nne, madumu mawili ya maji chini ya meza, abiria watano, na dira moja yenye kioo kilichopasuka ambayo kwa kawaida huitwa simu ya mama. Kredo ikikatika katikati ya katuni, abiria mdogo hupiga yowe kana kwamba maji yamefika magotini. Nahodha huacha mwiko ndani ya sufuria ya ugali, hufuta kidole kwenye leso, huomba shilingi 50 na kupokea 45, kwa kuwa asilimia 10 hukatwa papo hapo. Ni uokoaji wa aina yake: anayezama hulipia boya kabla hajalishika. Kesho yake akinunua kredo ya hamsini ili apige simu ya maana, deni la katuni huimeza yote hata hajasema alo.

Jahazi hili hupewa mawaidha mengi na watu wanaokaa nchi kavu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano: asiyetimiza mwaka asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, ikipungua ni heri. Hilo ni suala la afya na sina ugomvi nalo. Mtoto anahitaji kuruka, kulala na kuhadithiwa. Ugomvi wangu ni na mashauri yanayofuata nyuma yake: simu isiingie chumba cha kulala, meza ya chakula isiwe na simu, mtoto atazame sebuleni mbele ya macho ya wazazi. Hayo yanamfaa mwenye vyumba. Katika nyumba ya chumba kimoja, sebule hugeuka chumba cha kulala godoro likishatandikwa, na meza ya chakula ni dawati la hesabu ikishapanguswa. Ukipiga marufuku simu chumbani umeipiga marufuku sebuleni na jikoni vilevile. Kwa kuwa choo kiko uani, umebakisha choo peke yake, na baba ameshatangulia huko nayo.

Nadai hivi: nyumba ndogo haiwezi kuzitawala skrini kwa kugawa vyumba, wala kwa kuhesabu saa. Itazitawala kwa kugawa zamu. Sababu ni kwamba katika nyumba ya namna hii skrini inafanya kazi ambayo watoa mashauri hawaioni, nayo ni kazi ya pazia. Nyumba nyingi za kanjo za Eastlands, ambako Mbotela iko, ni urithi wa enzi za ukoloni, wakati Mwafrika mjini alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa kupita, mwenye kwao kwingine. Mke, watoto wanne na shemeji anayetafuta kazi hawakuwa kwenye ramani. Familia zilijiongezea vyumba kwa kitambaa na msumari. Upande huu wazazi, upande ule watoto, na anayekohoa amekohoa pande zote mbili. Siku hizi kitambaa kingalipo, lakini kazi kubwa imehamia kwenye kioo cha inchi sita. Baba yuko uwanjani Uingereza. Binti wa sekondari yuko na wenzake wa darasani. Mdogo yuko na nguruwe anayezungumza Kiingereza safi. Wote wanagusana viwiko, na kila mmoja ametoka nyumbani bila kufungua mlango.

Pazia hili lina kasoro zake, na misukosuko mingi ya jioni inatokana nazo. Kwanza, halizuii sauti: kona moja inashangilia bao, kona nyingine inaimba mapambio, kona ya tatu inahesabu mpaka kumi kwa Kiingereza, na jirani wa ukuta wa pamoja anashiriki ibada, mpira na chekechea bila kiingilio. Pili, pazia la familia nzima mara nyingi ni simu moja, nayo ndiyo benki na ofisi pia. Mweka hazina wa chama anapiga kuuliza mchango uko wapi. Mtoto, ambaye kwake simu inayolia ni kizuizi cha katuni, anamkata kwa kidole kilichopakwa mchuzi. Mweka hazina anapiga tena, anakatwa tena. Kufikia mara ya tatu habari imeshafika kwa wanachama wengine kwamba fulani amekula pesa na sasa hashiki simu. Hapo hakuna kipimo cha saa kitakachosaidia. Mtoto huyo huenda ametazama kwa dakika 12 tu, ndani kabisa ya kiwango cha kimataifa, na tayari amevunja chama.

Wanaojua kuishi wengi mahali padogo ni mabaharia. Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, mwishoni mwa mwaka 1938 alipanda chombo cha Wakuwaiti kule Aden na kuja nacho hadi Mombasa na Zanzibar kwa upepo wa kaskazi, akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1940. Chombo kile kilibeba abiria zaidi ya 100 pamoja na mizigo yao, na wengi wao waliishi juu ya sitaha: hapohapo wakila, hapohapo wakilala, hapohapo wakifanya biashara. Vyumba havikuwepo. Kilichokuwepo ni mpangilio wa muda: swala tano zinazoikata siku vipande, zamu za usukani, saa ya sinia la wali, saa ya kulala. Aliyeko zamu haulizwi ameshika usukani kwa dakika ngapi wiki hii. Anaulizwa kama ni zamu yake, na kama atakayempokea yuko macho. Maji ya kunywa chomboni yafaa yapimwe mbele ya watu, maana jambo linalozua kisu majini ni kopo lililochotwa gizani zaidi ya uchache wenyewe wa maji.

Mbotela ilikuwa na mpangilio kama huo bila kuutafuta, kwa sababu intaneti ilikuwa na maji kupwa na maji kujaa. Bando la saa moja likiisha, limeisha. Token za stima zikikatika, runinga inazimika na watu wanatoka barazani kuonana kama abiria walioshuka bandarini. Mara nyingine maji hupwa kutoka mbali zaidi. Waya wa TEAMS, uliofika Mombasa mwaka 2009, unapita chini ya bahari kutoka Fujairah huko Ghuba, yaani karibu na njia ileile ya majahazi ya kaskazi, na Februari 2012 meli ilishusha nanga mahali isipotakiwa karibu na bandari ya Mombasa ikaukata. Mei 2024 nyaya mbili nyingine, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikaanza kutambaa. Kwa hiyo mtoto wa Mbotela anapolia kwamba kiduara kinazunguka hakiishi, kilio chake kinaweza kuwa cha kibaharia kwelikweli: chombo kimoja kimeshusha nanga vibaya, na chombo kingine, cha nchi kavu, kimekosa katuni.

Hapa mtu atanipinga: huo wote ni uhaba, na wewe unausifu kwa sababu hulipi wewe. Sasa kuna Wi-Fi ya mwezi mzima isiyo na kikomo, na majirani wawili watatu wakichangiana bei inakuwa ya kubebeka. Kwa nini tupange zamu kwenye bahari isiyokauka? Jibu langu ni kwamba uhaba sikuusifu. Kulipa kila saa kwa bei ya rejareja ni kodi anayotozwa maskini, na iondoke hata leo. Lakini ikiondoka huondoka na kitu kingine ndani yake, kama mtu anayemwaga maji ya beseni bila kumtazama mtoto. Bando lilikuwa linasema “basi” kwa niaba ya mzazi. Ruta haisemi basi. Taa zake tatu za kijani zinapepesa saa tano za usiku kwa uchangamfu uleule wa saa tano za asubuhi. Maji yakishaacha kupwa yenyewe, lazima watu wa chomboni wapange wenyewe saa ya kushuka nchi kavu, la sivyo safari haina mwisho, na baba atalala na kandanda usoni hadi simu imwangukie puani.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Wazazi wa Eastlands huondoka alfajiri na kurudi giza limeingia. Nani atasimamia hizo zamu? Isitoshe, mwalimu ametuma kazi ya nyumbani kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na mtaala wa umilisi unamtaka mtoto atafute picha ya mmea wa jangwani, kwa hiyo huwezi kuzima intaneti saa ileile unayomtaka afaulu. Yote ni kweli, na ndiyo sababu kuhesabu saa hakufai. Dakika 40 za mmea wa jangwani na dakika 40 za watu wanaoanguka kwenye matope ni namba moja kwenye saa ya ukutani, ila zamu ni mbili tofauti. Na zamu, tofauti na ulinzi, haitaki nahodha awe macho kila wakati. Ingekuwa hivyo hakuna chombo kingefika Zanzibar. Inataka kupokezana kunakojulikana: kazi ya shule kwanza, simu ikilia anapewa mwenye simu, sahani zikitua pazia linafunguliwa. Mtoto wa miaka minane anayejua ni zamu ya nani kuteka maji hashindwi kujua hilo. Atakayeshindwa ni shemeji.

Atakuja wa tatu aseme nimewapa watu kibali cha kujificha nyuma ya vioo, nikakiita utamaduni. Nasema kila binadamu anastahili pazia, na aliyenyimwa chumba asinyimwe na pazia pia. Swali ni lini linafungwa na lini linafunguliwa, nalo ni swali la adabu. Mtaa wenyewe una jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Nairobi Novemba 1952, lakini Mkenya akisikia Mbotela sikio lake humwendea kwanza Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji aliyeanza mwaka 1966 kipindi cha redio chenye jina ambalo pia ni swali: Je, Huu ni Uungwana? Kipindi hicho hakikuuliza mtu amekaa kwa muda gani. Kiliuliza amekaaje: amemfungulia nani mlango, amezungumza na mdomo umejaa chakula? Ndicho kipimo ninachokitafuta. Kutazama simu saa mbili huku kila aliye karibu ana shughuli zake si kosa la uungwana. Kuitazama dakika mbili wakati bibi aliyetoka shags anaeleza safari yake ya basi ni kosa, hata kama mwongozo wa kimataifa unaruhusu 60.

Anayedhani zamu hizi ni ndoto aingie nyumba yoyote ya hapa jioni na atazame chini ya runinga. Atakuta ekstensheni ya waya mweupe uliogeuka kahawia, yenye matundu manne. La kwanza ni la runinga, la pili ni la king’amuzi, la tatu ni la ruta. Tundu la nne ni la simu zote za nyumba hiyo. Jahazi lingine likiwa na tundu huzama. Hili linaelea kwa sababu ya tundu hilo. Hakuna aliyeandika sheria yake, na kila mtu anaijua: mwenye asilimia 9 humtangulia mwenye asilimia 60, simu yenye M-Pesa ya kesho hutangulia yenye michezo, na anayeng’oa ya mwenzake bila kusema amevunja heshima. Taarifa ya saa moja inapoanza, simu ya mama imelala pale ikinywa umeme, kioo chini, na katuni zimekoma bila amri wala kilio. Abiria wote watano wanatazama kitu kimoja, wanakibishia kwa pamoja, na sufuria inazunguka. Bado wenyewe kuipa saa hiyo jina na kuilinda. Hatari ninayoiona ni moja tu: mgeni mwenye roho nzuri, Jumapili moja, akaleta zawadi ya ekstensheni ya matundu sita.