Barua ya Wazi kwa Wenye Mamlaka ya Alama

Kwa: Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, Baraza la Mitihani la Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

YAH: SHUKRANI ZA WANAFUNZI WA NGARA NA BIHARAMULO KWA ELIMU ISIYOCHOSHA

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Wanafunzi wa elimu ya juu wanaotoka katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, ambao kwa kuwa wilaya zao hazina chuo kikuu hulazimika kupanda mabasi ya kwenda Mwanza, Dodoma, Dar es Salaam na kwingineko, wameona ni utovu wa adabu kuendelea kupokea mabadiliko ya muundo wa masomo na ya upangaji wa matokeo bila kutoa shukrani kwa maandishi. Adabu inayotawala barua hii ina historia yake. Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wapatao mia nne walirudishwa makwao na Mwalimu Nyerere, na tangu siku hiyo wasomi wa nchi hii wameelewa kwamba sera ya elimu, hata ile inayomhusu msomi mwenyewe, hupokelewa vyema zaidi kwa makofi.

Shukrani ya kwanza inahusu gredi, yaani ile herufi inayowekwa mahali pa alama ghafi alizopata mtahiniwa kati ya mia moja, ili asomaye cheti asisumbuke kujua alama zenyewe. Kwa viwango vilivyotumika kwanza katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, mtahiniwa aliyepata alama 62 alistahili C, kwa sababu C ilianzia 50 na kuishia 64. Mdogo wake aliyepata alama hizohizo mwaka 2014 alistahili B+, gredi ambayo kaka yake hakuwahi kuisikia, kwa kuwa sasa B+ ilianzia 60 na kuishia 74. Binamu yao aliyefanya mtihani mwaka 2016 akapata 62 alirudi kwenye C, maana C ilikuwa imetanuliwa kutoka 45 hadi 64. Watu watatu wa ukoo mmoja walijua kiasi kilekile na kukosea kiasi kilekile, na bado yule wa katikati ana haki ya kujiona ndiye mwenye akili nyumbani.

Inafaa kukumbusha, kwa heshima, jinsi mambo yalivyofika hapo. Matokeo ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, asilimia 60 hivi ya watahiniwa, watoto zaidi ya 240,000, walikuwa wamepata sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume. Mwezi Mei serikali ikalitangazia Bunge kwamba matokeo yamefutwa na yatapangwa upya. Na kabla ya mwezi huo kwisha kiwango cha kufaulu kilikuwa kimepanda kutoka asilimia 34.5 hadi asilimia 43.08 bila mtoto hata mmoja kurudi darasani wala mwalimu hata mmoja kuongezwa. Wanauchumi wanaotafuta njia ya kukuza pato la taifa pasipo kuzalisha chochote wangefaa kualikwa waone. Mwishoni mwa mwaka huohuo ikatangazwa kwamba daraja la sifuri litafutwa na nafasi yake kuchukuliwa na daraja la tano, uvumbuzi ambao ungeondoa kufeli nchini kwa hatua ya kiutawala tu. Kwa bahati mbaya wananchi walipiga kelele, na matokeo yalipotoka Februari 2014 sifuri ilikuwa imerejea mahali pake, bila shaka ikiwa imepumzika.

Mfumo uliofuata ulikuwa wa wastani wa pointi, ambao wanafunzi huuita jipiei, na hapa ndipo wazazi wa Ngara na Biharamulo walipopata elimu ya watu wazima bila kujiandikisha. Katika mfumo wa madaraja, ambao vijijini hujulikana kwa jina la divisheni, pointi ni kama madeni: aliye nazo chache ndiye aliye salama, na mtoto wa kidato cha nne aliyefanya vizuri kupita wote huwa na pointi 7, yaani moja kwa kila somo katika masomo saba. Mama anayeuza ndizi na maharage kwenye gulio la Nyakahura, hata kama hakumaliza darasa la saba, alikuwa anaelewa kwamba divisheni wani ya pointi 7 ni sababu ya kuchinja kuku. Kuanzia mwaka 2014 aliambiwa kwamba pointi nyingi ndizo nzuri, kwamba 5 ndiyo kilele, na kwamba mwanawe hana tena divisheni bali ana jina la sifa, ambalo lilitangazwa kwa Kiingereza. Alipoanza kulizoea, Januari 2016, Profesa Joyce Ndalichako, ambaye alikuwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani wakati wa matokeo ya mwaka 2012 na kufikia hapo akiwa Waziri wa Elimu, aliagiza divisheni zirudi. Kuku wa Nyakahura hawajui hadi leo waogope tarakimu ipi.

Hata baada ya divisheni kurudi, neema haikukoma. Mhitimu wa kidato cha sita aliyepata A katika masomo yake matatu ya tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo aliouchagua, Baraza la Mitihani humhesabia pointi 3, nayo ndiyo hesabu bora kuliko zote. Cheti hichohicho kikifika kwenye Tume ya Vyuo Vikuu, ambako A huhesabiwa pointi 5, mwenyewe hujikuta ana pointi 15, nayo pia ndiyo hesabu bora kuliko zote. Taasisi mbili za serikali moja zinamtazama mtoto mmoja, moja kutoka juu na nyingine kutoka chini, na zote mbili zinampongeza.

Jambo linalostahili kusomwa kwa makini zaidi ni mwongozo wa udahili wa Tume, kitabu ambacho mwombaji wa chuo kikuu hukijua kuliko vitabu alivyofanyia mtihani. Sharti la chini la kuingia chuoni ni pointi 4 kutoka katika masomo mawili, sharti lililo wazi kabisa hadi mtu aulize pointi ni nini. Kwa waliomaliza kidato cha sita kabla ya mwaka 2014, C ni pointi 3 na D ni pointi 2. Kwa waliomaliza 2014 na 2015, C ni pointi 2 na D ni pointi 1. Kwa waliomaliza kuanzia 2016, C imepona na kurudi kwenye pointi 3. Maana yake ni kwamba C mbili za mwaka 2015 na D mbili za mwaka 2016 hupita mlango mmoja, na kwamba D mbili za mwaka 2015, ambazo kwa macho hazina tofauti na zile za mwaka uliofuata, hubaki nje. Tume ilifanya hivyo kwa haki, kwa sababu herufi hizo zilitokana na viwango tofauti vya alama; lakini haki inayohitaji jedwali la ubadilishaji kwa kila mwaka ni haki ambayo wakazi wa mpakani wameizoea kwa jina jingine.

Kwa sababu hiyo wanafunzi wanaleta pendekezo. Katika mipaka ya Rusumo, kwenye njia ya Rwanda, na Kabanga, kwenye njia ya Burundi, wapo vijana waliobobea katika kubadilisha faranga za nchi hizo mbili kuwa shilingi, ambao hujua bei ya asubuhi na bei ya jioni na hawahitaji tume ya Waziri Mkuu kukokotoa. Inapendekezwa vijana hao wapewe leseni ya kubadilisha gredi pia, ili mwenye C ya 2015 anayetaka kazi kwa mwajiri asiyejua miaka aibadilishe papo hapo, na mwenye B+, ambayo katika mtihani wa sekondari haikubaliki tena popote kama noti iliyotolewa katika mzunguko, apewe angalau chenji. Serikali itakusanya kodi, na Mamlaka ya Mapato, ambayo tayari ina ofisi mipakani, haitahitaji jengo jipya.

Mwaka 2016 kwa jumla unadai sura yake katika kitabu cha shukrani. Mwezi Mei wa mwaka huo, wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati katika Chuo Kikuu cha Dodoma waliagizwa kuondoka chuoni katika muda mfupi sana. Programu hiyo haikuanzishwa na wanafunzi. Ilianzishwa na serikali ili kuziba upungufu wa walimu wa sayansi, upungufu ambao shule za kata za Ngara na Biharamulo hazihitaji takwimu kuutambua. Siku chache baadaye Rais Magufuli aliwaita vilaza, neno ambalo halikuwemo katika orodha ya gredi lakini lilidumu kuliko B+. Baadhi yao walipangiwa vyuo vingine baadaye. Mwaka huohuo kigezo cha kuingia chuo kikuu kwa wenye stashahada kilipandishwa hadi wastani wa 3.5, kisha baadaye kikashushwa hadi 3.0, kwa hiyo mtu mwenye 3.2 alikuwa hafai, halafu akafaa, ilhali muda wote huo alikuwa nyumbani akipalilia migomba na hakugusa kitabu. Na mfumo wa pamoja wa udahili, ulioanza mwaka 2010 ili mwombaji asizunguke chuo hadi chuo, ulifikia mwisho mwaka 2017, maombi yakarudishwa vyuoni, na mwombaji akarudishwa kwenye kuzunguka.

Aliyevuka yote hayo akaingia chuo kikuu hukutana na utulivu wa namna fulani. Mwaka wa masomo una krediti 120, na krediti moja ni makadirio ya saa kumi za kujifunza, zikiwemo saa za kutafuta kiti maktabani. Gredi hugeuzwa kuwa pointi, pointi hugawanywa, na ukomo wa chini wa daraja la pili la juu ni 3.5, hivi kwamba kati ya mtu wa 3.4 na mtu wa 3.5 upo mpaka wenye walinzi wengi kuliko Rusumo. Anayetaka kubaki chuoni kama mkufunzi msaidizi aulize 3.8. Aliyeshindwa somo hurudia mtihani, yaani hula sapu, na aliyeshindwa kupita kiasi hudisko, yaani huondolewa masomoni, bumu lake la mkopo likikoma kabla yeye hajapata nauli ya kurudi Kagera. Sasa mitaala ya vyuo inahuishwa kupitia mradi wa elimu ya juu kwa mageuzi ya kiuchumi, unaofadhiliwa kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, ili mhitimu alingane na soko la ajira. Wanafunzi hawapingi, tena mradi huohuo unajenga kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkoani Kagera, na hilo wanalishukuru bila kejeli. Wanachouliza ni soko lipi, maana nikeli ya Kabanga imekuwa ikitafitiwa tangu miaka ya 1970, na kijana wa Ngara amesikia habari za ajira zake katika kila mtaala aliowahi kusomeshwa, ule wa zamani na ulioufuata.

Yapo maombi mawili ambayo hayana utani, na mamlaka zinaombwa zisiyapite kwa sababu tu yamo katika barua ya namna hii. La kwanza ni kwamba cheti kichapwe alama ghafi pembeni ya gredi, ili viwango vikibadilika tena, kama vitakavyobadilika, mtu abaki na kitu ambacho hakuna waraka unaoweza kukigeuza. La pili ni kwamba kanuni mpya ya masomo au ya upangaji wa matokeo imhusu anayeanza na isimguse aliyekwisha kuanza; mwanafunzi aliyejiunga kwa kanuni moja amalize kwa kanuni hiyohiyo, hata kama kanuni yenyewe ni mbovu, kwa kuwa angalau aliikubali akiijua.

Ombi hilo la pili lina haraka yake. Kwa utaratibu mpya wa elimu ya msingi ya miaka sita, mwaka 2027 darasa la sita na darasa la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mara moja, yakipitia madarasa yaleyale ya Lusahunga na Rulenge, katika wilaya hizo mbili. Mambo yakienda kama yalivyopangwa, na hapa wanafunzi wanaomba radhi kwa kutumia maneno hayo, makundi hayo yatagonga milango ya vyuo vikuu mwaka 2034, yakiwa na gredi ambazo viwango vyake vitakuwa vimepangwa na mtu fulani kwa sababu fulani. Inaombwa jedwali la ubadilishaji la mwaka 2034 litolewe mapema, kabla watoto hao hawajaanza kidato cha kwanza, na likichelewa basi mamlaka zitamke sasa hivi, kwa barua iliyogongwa mhuri, kama pointi za mwaka huo zitakuwa nzuri zikiwa nyingi au zikiwa chache.

Wenu watiifu,

Wanafunzi wa elimu ya juu wa Ngara na Biharamulo

Nakala: Wabadilisha fedha, Rusumo na Kabanga, kwa utekelezaji.